Marwa Wetu na Marwa Wao

Machochwe, Jumapili jioni

Mwita mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga vijana wenzako, na ninavyowajua hamtaagana upesi, kwa hiyo nina nafasi. Bibi yako yuko chumbani kwake. Anajifanya amelala ili asikie kama nalia. Silii. Nimekaa mlangoni ambapo bado kuna mwanga, karatasi iko juu ya sinia magotini, na kalamu ni yako, ile uliyoisahau dirishani.

Mambo ya kufua nguo na kula kwa wakati nimeyaruka. Wewe ni mtu mzima, na usipooga wenzako watakuambia. Nataka tuzungumze kuhusu Marwa.

Kesho unavuka Sirari kwenda kwa watu wa Kenya wanaoamini kwamba wewe ni mtoto wa ndugu yao aliyepotea. Wanakungoja na chumba, na chuo umeahidiwa. Kama ni kweli au si kweli, mtu pekee anayejua ni mimi. Umeniuliza ukiwa unapasua kuni, ukaniuliza tukiwa shambani, na kila mara nilikumbuka ghafla kwamba nina ugali motoni. Leo ugali umekwisha kuliwa.

Ulivyopatikana unajua, lakini nataka nikueleze mimi, kwa maneno yangu, maana umesikia zaidi ya wachungaji wa ng'ombe kuliko ya mama yako. Bibi yako alizaa mabinti, wote wakaolewa. Mtoto wa kiume hakujaliwa, na mumewe akafariki. Kwetu nyumba ya namna hiyo inafutika jina. Basi akafanya wanavyofanya wanawake wa Kikurya wakifikwa na hali hiyo: akapeleka ng'ombe kwa baba yangu kule Tarime, akanioa. Nyumba ntobhu. Nikawa mkamwana wake, mke wa mwanawe aitwaye Marwa. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba Marwa hajawahi kuzaliwa. Bibi alimpa jina, akampa mke, na watoto watakaotoka tumboni mwangu, awe amewaleta nani, wangekuwa watoto wa Marwa. Ndiyo maana shuleni uliitwa Mwita Marwa tangu darasa la kwanza.

Wageni wakifika hapa na kuuliza mume wangu yuko wapi, bibi anawajibu bila kupepesa macho kwamba Marwa amesafiri. Nimeishi miaka yote hii na mume aliyesafiri. Hanipigi, hanywi pombe, hanisaidii kulinda mahindi tembo wanapotoka hifadhini. Wanawake wenzangu hunitania kwamba nimepata mume bora kuliko wao. Hucheka, nami hucheka, kisha kila mmoja anarudi kwake na mimi narudi hapa.

Nitakuambia ukweli, Mwita, sikuitaka nyumba hii. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, nilitaka kuwa mwalimu, nilikuwa nawafundisha mbuzi wa baba kuhesabu. Lakini wale ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu ndio waliomwoza kaka yangu. Kila nilipofikiria kuondoka, nilimwona mke wa kaka na watoto wake, nikajua ng'ombe wakidaiwa ndoa yao itavunjika. Wifi yangu hakunikosea lolote. Basi nikabaki. Watu wanapenda kunisifia kwa neno moja, wanasema Ghati amezoea. Nalichukia neno hilo.

Sasa njoo kwenye simu.

Ulipomaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani ukisubiri, ulianzisha ule mti wa ukoo kwenye mtandao. Nilikucheka. Nilisema mti gani usio na kivuli wala kuni. Ukanionyesha jinsi watu wa nchi nyingine wanavyopandisha majina ya wazee wao, ukatafuta jina la babu yangu aliyekwenda Kericho kufanya kazi kwenye chai, yule ambaye kwetu tuliambiwa alimezwa na Kenya. Siku ulipompata, ameandikwa kwenye rejista ya kanisa ambayo mtu aliipiga picha na kuiweka huko, na chini yake watoto aliowazaa na mwanamke mwingine, nilikaa chini kwenye mawe nyuma ya zizi nikalisoma jina lake tena na tena. Babu yangu alikuwa na maisha. Alitoka, akafika mahali, akawa na maisha.

Baada ya hapo nikawa mlevi wa bando kuliko wewe. Ulikuwa unanitafuta kisimani, kumbe niko juu ya yale mawe ambapo mtandao unakamata, nasoma matangazo ya vifo vya Wakenya. Wenzetu wa kule wakifiwa wanaandika kila kitu gazetini: mtoto wa fulani, mume wa fulani, kaka wa fulani wa Nairobi na fulani wa Ulaya. Nilikuwa nasoma misiba ya watu nisiowajua na kufurahi. Mungu anisamehe. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu niolewe naenda mahali bila kuaga mtu.

Na huko ndiko nilikofanya kosa langu. Wewe ulikuwa umejaza upande wangu wote, ila juu ya jina lako, upande wa baba, uliacha wazi. Kila nikifungua, ile tovuti inaniuliza kama nataka kuongeza baba. Kila siku inauliza, kwa adabu, haichoki. Ikawa inaniudhi. Nikaona ni afadhali niijibu inyamaze. Nikaandika Marwa. Ikauliza alizaliwa lini, nikaruka. Ikauliza wapi, nikaruka. Kisha ikauliza yuko hai au amefariki, na hapo haikukubali niruke. Nilifikiri sana, Mwita. Mtu asiyezaliwa hajafa. Wala hayuko hai. Lakini zilikuwa njia mbili tu, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa na aibu ndogo. Nikaweka hai. Anapoishi: haijulikani. Ukoo: Wairegi, mpakani, Mara.

Hivyo ndivyo nilivyomzaa mume wangu.

Haukupita muda ujumbe ukaingia kutoka Marekani. Uliusoma kwa sauti pale uani, mimi nikiwa na mwiko mkononi: "Mama, habari ya huko? Mimi naitwa Robi, nyumbani ni Kuria huku Kenya lakini niko Marekani kitambo. Nimeona mti wenu. Huyo Marwa, si ni braza yetu? Alivuka akaenda kuchimba dhahabu huko kwenu na hajawahi kurudi. Mama yetu bado anamngoja. Tafadhali niambie tu kama yuko hai."

Wairegi wako pande zote mbili za mpaka, na Marwa ni jina ambalo ukiliita mnadani Mugumu wanaume wengi watageuka. Ningecheka ningekuwa na moyo mwepesi. Lakini nilikuwa nimemwandikia yule dada, kwa mkono wangu, kwamba kaka yake yuko hai.

Ulinitazama. Ulisubiri niseme. Nami nikakuambia mjibu kwamba hayupo hapa na hatujui aliko. Robi akauliza kama alituacha. Nikasema mwambie hatujawahi kumwona tangu wewe uzaliwe. Angalia maneno hayo, mwanangu, hakuna hata moja la uongo. Ila nilijua kabisa mtu wa upande wa pili atayasomaje. Kama kuna kitu nimejifunza kwenye mtandao ni hicho, kwamba mtu anayetafuta kwa uchungu hapokei unachoandika, anapokea alichokuwa anangoja, na mimi nilimwacha apokee.

Kisha wakatupigia simu ya video wakiwa na yule mama yao, Bibi Wankuru. Umekaa pale kwenye kiti cha bibi yako, umenyoosha mgongo, umevaa shati la kanisani. Yeye amejifunga kitambaa kichwani, simu wameishika karibu mno, tunaona jicho moja na nusu ya pua.

"Shikamoo bibi," ukasema.

"Marahaba, mura wangu, kijana wangu. Hebu geuka. Geuka upande huu. Sasa cheka kidogo." Ukacheka. "Ni yeye. Jamani ni yeye! Hilo paji la uso si lake?"

Wakaanza kulia kule, nikasikia wanawake wengi. Wewe uliinamisha kichwa. Nakujua tangu ulipokuwa unapigwa na wenzako kwa kuitwa mtoto wa wanawake wawili, hukuwahi kulia mbele yangu, na siku ile machozi yalikudondokea kwenye shati. Ulikuwa na furaha, Mwita. Nilikuona. Nilisimama pale nyuma ya simu. Nikisema, nakunyang'anya uso huo. Nikinyamaza, namuuzia mama wa watu mtoto ambaye si wake. Nikatoka nikaenda kuangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote.

Bibi yako ndiye pekee aliyesema wazi, tena kwa hasira zake. Ulipomwambia kuna watu Kenya wanasema Marwa ni wao, alipiga fimbo chini. "Marwa yupi? Marwa wangu hana mama mwingine! Waambie watafute wa kwao!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi pia. Lakini usiku ule alikataa uji. Anaogopa. Alitoa mifugo yake yote ili jina lipate mtu wa kulibeba, na sasa huyo mtu anafunga begi. Usimchukie. Yeye naye amefungwa humu humu, tofauti ni kwamba kamba alijifunga mwenyewe na ncha nyingine akanifunga mimi.

Basi ukaja kwangu na swali lako. Ulisema, "Mama, najua Marwa wa bibi hajazaliwa. Lakini aliyenizaa alikuwa mtu. Wachimbaji walikuwa wanapita hapa. Si inawezekana akawa huyu wao?" Ulikuwa na sauti ya mtu anayeomba maji.

Haiwezekani. Aliyekuzaa aliitwa Masanja, Msukuma wa Shinyanga. Si Mkenya, wala si Mkurya. Alikuwa mchimbaji kule Nyamongo, akawa anakuja hapa Machochwe kuwanunulia wenzake mahindi na mbuzi. Bibi yako aliniambia nichague mwanamume mwenyewe, mradi asiwe wa ukoo. Wengine huchaguliwa, mimi alinipa nafasi hiyo, na nampa heshima yake kwa hilo. Katika nyumba hii sikuchagua mlango, sikuchagua shamba, sikuchagua mume. Masanja nilimchagua. Alikuwa mfupi, mcheshi, anaongea Kiswahili cha kuvuta, na alikuwa ananisikiliza nikiongea mpaka anasahau mbuzi aliokuja kuwanunua. Paji la uso analolilia Bibi Wankuru ni la baba yangu mzazi. Kicheko ndicho cha Masanja.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Ulipokuwa tumboni, Masanja alinitaka niondoke naye. Alisema kuna machimbo mapya Geita, kuna nyumba ya kupanga, tutaanza. Alikuja asubuhi, akakaa njia panda ya mnadani mpaka jua likawa kali. Nilikuwa naona kofia yake kutoka hapa nilipokaa sasa. Sikwenda. Nilijiambia ni ng'ombe, ni kaka, ni wifi, ni bibi. Vyote vilikuwa kweli. Lakini nimekuja kufikiri baadaye, nikiwa juu ya yale mawe na simu yako, kwamba sikumuuliza hata kaka yangu. Sikumuuliza bibi. Huenda wangekataa, huenda wangenipiga, huenda wangekaa wakazungumza kama wanavyozungumza mambo mengine. Mimi nilikwisha kujijibu kwa niaba yao wote. Nikaenda kuchota maji, na niliporudi kofia haikuwepo.

Nimemtafuta, ndiyo. Usidhani nilikuwa nasoma misiba ya Wakenya tu. Akina Masanja ni wengi kuliko akina Marwa. Nimeangalia nyuso za wazee wa watu mpaka macho yakaniuma, na sijampata, na nikimpata sijui ningemwandikia nini. Wewe ukitaka kumtafuta, jina lake unalo sasa. Usiponitaka nikusaidie nitaelewa.

Hayo ndiyo mapenzi yangu, Mwita, na ndiyo makosa yangu, na unaona yamekaa kitanda kimoja. Sina mawaidha ya kukupa kuhusu kutafuta wazee wa mtu kwenye mtandao. Unajua mambo hayo kuliko mimi. Nakuambia tu nilivyoyaona mimi. Jina linalofanana lilinipa joto siku chache, kisha likaanza kunichoma. Na wale waliokosekana, kila mmoja ana mama anayetazama njia mahali fulani, hata kama kwenye simu ni maandishi tu.

Leo mchana ulipokwenda Mugumu kubadilisha fedha, nilipanda kwenye mawe nikampigia Bibi Wankuru mwenyewe. Nisamehe kwa kutokukuambia. Nilijua nikikuambia utanizuia, au hutanizuia, na sikuweza kuvumilia lolote kati ya hayo mawili.

Alipokea mjukuu, akampelekea simu. Tukasalimiana vizuri. Nilimpa shikamoo, akaniuliza hali ya mvua, akaniambia chumba chako kimepakwa chokaa. Nikamwambia, "Mama, nimepiga kwa jambo zito. Mwita si wa Marwa wako. Mimi niliolewa na mwanamke. Marwa niliyemwandika ni jina tu."

Nilisikia kuku wake.

"Nyumba ntobhu," akasema.

"Ndiyo mama."

"Kwa hiyo Marwa wenu hajazaliwa."

"Hajazaliwa."

"Na wangu hajarudi." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo siku zote hizi mimi nawe tunamngoja mtu ambaye hayupo, kila mtu na wake."

Nikaanza kuomba radhi, nikajikuta nasema mengi, kwamba nilifikiri ile tovuti itanyamaza, kwamba sikujua kuna mtu atasoma. Akanikatiza. Aliuliza, "Yule mura aliyekuwa ananiita bibi, alikuwa anajua?"

Nilisema hukujua. Nilisema ulikuwa unatumaini tu, na kwamba mwenye kujua nilikuwa mimi.

Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akasema jambo ambalo naliandika hapa kama alivyolisema, kwa sababu ndilo linaloamua safari yako. "Chumba nimekwisha kukipaka. Mwache aje. Mimi niko na shamba na sina mtu wa kiume wa kunitazamia mji. Lakini mwambie hivi: akifika mlangoni kwangu asiseme yeye ni wa Marwa. Hilo jina sitaki kulisikia tena kwa mtu mwingine. Likija, liletwe na mwenyewe."

Kuhusu Robi na chuo alichokuahidi, sijui. Nimemwandikia ukweli na hajajibu mpaka sasa naandika. Huenda atakasirika, na ana haki. Huenda mlango wa chuo nimekufungia mimi leo, mama yako, kwa mdomo wangu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa hilo, nitavumilia. Naogopa sana, Mwita. Naogopa utabaki hapa kwa sababu yangu, na naogopa utaondoka bila kunipa mkono. Lakini kukupeleka kwa watu ukiwa umebeba mtoto wao aliyepotea nilishindwa. Najua uzito wa kuolewa na mtu asiyekuwepo, nisingekuacha uwe mtoto wake kwa mara ya pili, na sasa kwa nchi ya pili.

Nilimuuliza Bibi Wankuru, "Sasa mlangoni asemeje? Vyeti vyake vyote vinasema Mwita Marwa. Hana jina lingine."

Akanijibu kama mtu anayeulizwa kitu cha kitoto. "Alizaliwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe unaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Basi si analo?"

Naona vumbi la wenzako kule barabarani, mnarudi, nakusikia unavyocheka. Sina muda wa kusoma nilichoandika. Nitakuwekea hii barua kwenye mfuko wa juu wa begi, usome ukiwa njiani au usome sasa hivi, uamue kwenda au kubaki, ila uamue wewe. Usiniulize mimi wala bibi yako tunataka nini. Sisi wote tutakujibu vibaya.

Ukienda, ukashuka, ukabisha hodi, sema wewe ni Mwita wa Ghati. Sema kwa nguvu, yule mama hasikii vizuri. Hakuna aliyewahi kukuita hivyo, na siku utakapoitwa sitakuwepo kusikia, nitakuwa hapa Machochwe.

Mama yako,
Ghati